Elizabeth Cotten: Msanii aliyefichwa jikoni

Gitaa liliuzwa dola 3 na senti 75. Lilikuwa Stella, aina waliyoimudu watu wa kipato cha chini, na mtoto wa kike aliyelitamani alikuwa akilipwa senti 75 kwa mwezi kwa kazi za ndani katika nyumba ya Wazungu. Hesabu yake ni jasho la miezi mitano bila kutumia hata senti moja. Jina lake lilikuwa Elizabeth Nevills. Shule alikuwa ameiacha mapema, kama watoto wengi weusi wa Kusini mwa Marekani wakati huo, na mshahara wake ulikuwa mikononi mwa mama yake, mwanamke mpishi na mkunga, aliyeziweka zile senti mpaka zikafika bei ya gitaa.

Alizaliwa Januari 1893, pembeni mwa mji wa Chapel Hill katika jimbo la North Carolina. Miaka 28 tu ilikuwa imepita tangu utumwa ukomeshwe nchini humo. Rais alikuwa Benjamin Harrison, taa za umeme zilikuwa za matajiri, na ndege ilikuwa haijavumbuliwa. Alipofariki Juni 1987, rais alikuwa Ronald Reagan, watu walikuwa wameshatembea mwezini, na yeye mwenyewe alikuwa na tuzo ya Grammy nyumbani kwake. Kati ya tarehe hizo mbili kuna takriban karne nzima ya utamaduni wa Marekani, na sehemu kubwa ya karne hiyo Bi. Elizabeth aliitumia akiwapikia watu wengine, akiwafulia na kuwalelea watoto.

Turudi kwanza alikozaliwa, kwa sababu mahali penyewe panaeleza mengi. Chapel Hill ni makao ya Chuo Kikuu cha North Carolina, mojawapo ya vyuo vikongwe vya umma Marekani. Watu weusi walikijenga, wakakifagia na kuwapikia wanafunzi wake, lakini vijana wao wa shahada ya kwanza hawakupokewa hapo hadi mwaka 1955, tena kwa amri ya mahakama. Elizabeth alikulia ng'ambo kidogo, upande wa reli na viwanda, mahali palipokuwa pakiitwa West End. Mwaka 1913 mji huo ulipewa jina la Carrboro, kumuenzi tajiri wa tumbaku na nguo, Julian Carr. Mwaka huohuo Carr alisimama katika viwanja vya chuo kuzindua sanamu ya kuwatukuza wanajeshi waliopigania kubakiza utumwa, akajigamba mbele ya umati kwamba aliporudi kutoka vitani alimchapa viboko mwanamke mweusi hadharani. Elizabeth wakati huo alikuwa na miaka 20, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja. Mji wake ulipewa jina la mtu wa namna hiyo.

Hiyo ndiyo hewa aliyoivuta. Alipokuwa na miaka mitano, Wazungu wenye silaha waliipindua serikali halali ya mji wa Wilmington katika jimbo hilohilo na kuwaua raia weusi. Alipokuwa na miaka saba, katiba ya jimbo ilibadilishwa ili kodi na mtihani wa kusoma viwazuie weusi kupiga kura. Sheria zilitenganisha mabehewa, shule, mabomba ya maji na makaburi.

Nyumba yao ilikuwa karibu na reli. Treni za mizigo zilipita jirani, usiku zikasikika kitandani, na watoto wa mtaa walizijua kwa milio. Elizabeth alikuwa na kaka aliyekuwa na banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika Magharibi na ambacho kilivuka bahari pamoja na watumwa. Kaka akitoka, dada anakichukua. Tatizo ni kwamba Elizabeth alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na banjo ilikuwa imefungwa nyuzi kwa mtu wa mkono wa kulia. Kuzibadilisha asingeweza, maana si mali yake. Akakigeuza chombo kizima juu chini, akajifunza hivyohivyo. Alipopata gitaa lake aliendelea na mtindo ule, kwa kuwa vidole vilikuwa vimeshazoea.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ufundi wenyewe ndio kiini cha habari. Katika gitaa la kawaida, kidole gumba hupiga nyuzi nene za besi na vidole vingine hupiga nyuzi nyembamba zenye sauti ya juu. Kwa Elizabeth, nyuzi nene zilikuwa chini na nyembamba juu. Kwa hiyo vidole vyake ndivyo vilivyoshika besi, na gumba ndilo lililoimba. Besi yake inatembea kwa utulivu, haina haraka, na juu yake melodia inasikika wazi kiasi kwamba mtu asiyejua atadhani wanapiga wawili. Wapigaji wa baadaye waliupa mtindo huo jina lake. Wapenzi wa muziki wa zamani wa Afrika Mashariki na Kongo wana masikio tayari kwa jambo hili: aliyekua akimsikiliza Mwenda Jean Bosco wa Katanga na "Masanga" yake ya mwaka 1952 anajua jinsi vidole viwili vinavyoweza kujaza chumba. Wawili hao walikuja kupanda jukwaa moja, la tamasha la muziki la Newport huko Marekani, ingawa kwa miaka tofauti: Bi. Elizabeth mwaka 1964, Mwenda mwaka 1969.

Akiwa bado mtoto, kabla au mara tu baada ya kupata gitaa, alitunga wimbo kuhusu treni ya mizigo. "Freight Train" ni wimbo mfupi, laini, wa mtu anayetaka kwenda mbali asijulikane alikokwenda, na ndani yake kuna kifo na kaburi. Unashtua ukifikiri kwamba aliyeutunga hakuwa amevunja ungo. Lakini katika Kusini ile mtoto mweusi alijua mapema maana ya kutaka kuondoka.

Kisha gitaa likanyamaza. Mwaka 1910, akiwa na miaka 17, aliolewa na Frank Cotten na wakapata binti. Akabatizwa, akawa mtu wa kanisa, na wazee wa kanisa wakamwambia kwamba nyimbo za dunia na wokovu havikai pamoja. Hakugombana na mtu. Alipiga kidogo kidogo, baadaye kwa nadra, hatimaye akaacha. Ukimya huo ulidumu miongo mingi, isipokuwa mara moja moja kanisani.

Tuangalie ni miongo gani aliyoikosa. Mwaka 1920 mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", na kampuni za santuri zikagundua kwamba watu weusi hununua muziki wa watu weusi. Maajenti wakazagaa Kusini kutafuta sauti. Mississippi John Hurt, mkulima wa rika lake, alirekodiwa mwaka 1928. Gwiji baada ya gwiji walipita mbele ya kipaza sauti kwa malipo ya dola chache. Redio ikaingia majumbani, jazi ikatoka New Orleans ikafika Chicago na Harlem, sinema zikaanza kuongea. Bi. Elizabeth muda wote huo alikuwa akipiga deki. Watu weusi wapatao milioni sita walihama Kusini kati ya mwaka 1910 na 1970, na yeye alikuwa mmoja wao: alikwenda na kurudi baina ya Chapel Hill, New York na Washington, mpaka miaka ya 1940, ndoa yake ikiwa imevunjika, alipohamia Washington kwa binti yake.

Washington ulikuwa mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikiuhubiria ulimwengu uhuru, na mtu mweusi hakuweza kukaa kwenye mgahawa wa katikati ya mji akanywa chai. Ilibidi mwanaharakati Mary Church Terrell, bibi wa miaka 86, aende mwaka 1950 kuomba chakula katika mgahawa mmoja, anyimwe, na kesi ifike Mahakama ya Juu. Hukumu ilitoka mwaka 1953.

Karibu na mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, Bi. Elizabeth alipata kibarua katika duka kubwa la Lansburgh's, upande wa wanasesere. Siku moja mtoto wa kike alipotea dukani akawa analia. Bi. Elizabeth akamshika mkono, akamtuliza, akamrudisha kwa mama yake. Mama huyo alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki wa kisasa aliyeheshimika, na mumewe Charles Seeger alikuwa mtaalamu wa elimu ya muziki. Mtoto aliitwa Peggy. Mazungumzo yakawa marefu, na yakaishia kwa Bi. Elizabeth kupewa kazi nyumbani kwao: kupika, kufua, kupiga pasi. Binti mdogo wa familia, Penny, ambaye ulimi wake haukulimudu jina refu, akamwita Libba. Jina likaganda.

Nyumba ile ilijaa muziki. Ruth alikuwa akinakili nyimbo za asili kutoka kwenye kanda na sahani zilizokusanywa na John na Alan Lomax kwa ajili ya Maktaba ya Bunge, kazi iliyomtaka arudie mstari mmoja mara nyingi mno mpaka noti zitimie. Pete Seeger, mtoto wa Charles kwa mke wa kwanza, alikuwa akiingia na kutoka na banjo yake. Watu walisafiri maelfu ya maili kutafuta wazee wanaokumbuka nyimbo za zamani, na mzee mmoja kati ya hao alikuwa jikoni mwao anakanda unga. Hakuna aliyemuuliza. Ilipita miaka kadhaa kabla Peggy hajamkuta ameshusha gitaa lililokuwa likining'inia ukutani na analipiga, kichwa chini, ule wimbo wa treni.

Habari hii husimuliwa Marekani kama ngano tamu: mtoto akapotea, kipaji kikapatikana. Mimi siwezi kuisimulia hivyo. Akina Seeger walimpenda, na watoto wao walimtendea haki kwa kadiri walivyoweza. Hilo halina ubishi. Lakini watu waliokuwa na masikio makali kuliko karibu wote nchini waliishi na msanii chini ya dari moja kwa miaka bila kujua, kwa sababu aliingia kwa mlango wa kazi. Kama nyumba ile ilishindwa kumwona, nyumba nyingine zilificha wangapi? Na wale ambao dukani kwao hakupotea mtoto?

Mwaka 1956 Peggy alikwenda Uingereza akiwa na banjo, gitaa na nyimbo za Libba kichwani. Vijana wa Kiingereza walikuwa wamepagawa na muziki wa skiffle, wakipiga magitaa ya bei nafuu na mbao za kufulia nguo, na walitaka kila wimbo wa Kimarekani waliousikia. Mwaka 1957 kundi la Chas McDevitt pamoja na mwimbaji Nancy Whiskey walitoa santuri ya "Freight Train", ikapanda hadi tano bora za Uingereza. Kwenye lebo ya santuri waliandikwa watunzi wawili, wanaume wa Uingereza, kwa majina ya James na Williams. Mtunzi halisi, mwenye miaka 64, alikuwa bado mfanyakazi wa ndani.

Haki ya utunzi ilidaiwa. Familia ya Seeger ilisimama naye, na baada ya mvutano wa kisheria jina lake likaingizwa, ila wale waliojiandikisha hawakufutwa. Akalazimika kugawana nao mirabaha ya wimbo alioutunga akiwa mtoto, miaka mingi kabla wimbo huo haujavuka bahari. Wizi wa aina hii uliwapata weusi wengi wa Marekani na wengi nje ya Marekani. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" mwaka 1939, wimbo ukatajirisha watu New York, na yeye akafa maskini mwaka 1962. Aliyesajili ndiye aliyekula. Mwenye wimbo hakuwa na wakili wala hakujua kwamba kuna karatasi ya kujaza.

Ndugu yake Peggy, Mike Seeger, ndiye aliyefanya jambo la maana zaidi: alileta mashine ya kurekodia nyumbani kwa Bi. Elizabeth na kumrekodi chumbani, wajukuu wakiwa wameambiwa wanyamaze. Kampuni ya Folkways ilitoa santuri hiyo mwaka 1958. Miaka miwili hivi baadaye alikuwa akipanda majukwaa ya vyuo, akisindikizwa na Mike, amevaa nadhifu kama mama wa kanisa, na akiwasimulia wanafunzi habari za mama yake na reli katikati ya nyimbo.

Wakati wenyewe ulikuwa umegeuka. Februari 1960, wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, jimboni kwao Bi. Elizabeth, wakakataa kuondoka, na nchi nzima ikatikisika. Vijana Wazungu waliochoshwa na muziki wa matangazo ya biashara wakaanza kutafuta sauti za wazee. John Hurt, aliyesahauliwa tangu 1928, alipatikana mwaka 1963 akiwa anachunga ng'ombe Mississippi, akaletwa Washington. Wanabluzi Son House na Skip James nao wakaibuliwa. Watu wa miaka sabini wakawa nyota kwa watoto wa miaka ishirini. Katika historia ya burudani ya Marekani, taifa linaloabudu ujana, sijui kipindi kingine kilichowapa wazee heshima ya namna hiyo.

Lakini heshima haikulipa kodi ya nyumba. Bi. Elizabeth aliendelea na kazi za ndani hadi karibu mwaka 1970, alipokuwa anaelekea miaka 80. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakustaafu kwa pensheni. Jibu liko kwenye vitabu vya sheria. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii ulipoundwa mwaka 1935, wafanyakazi wa ndani na vibarua wa mashambani waliachwa nje, na katika Kusini kazi hizo ndizo zilizokuwa za watu weusi. Wa ndani waliingizwa mwaka 1950. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 nayo iliwaruka, na haikuwafikia hadi mwaka 1974. Tangu zile senti 75 mpaka anaiacha kazi, hakuna hata siku moja ya kazi za ndani aliyoifanya akilindwa na kima kilichowekwa na sheria ya taifa lake. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko tuzo zake zote, na ni nadra kulikuta katika makala za kumsifu.

Mwaka 1967 ilitoka santuri yake ya pili, "Shake Sugaree". Wimbo uliobeba jina hilo ulipatikana usiku, akiwalaza vitukuu wake, kila mtoto akichangia ubeti. Maneno yanachekesha, kwa kuwa mtu anaweka rehani kila alichonacho mpaka kitanda, na yanaumiza kwa sababu hiyohiyo. Aliyeuimba kwenye santuri si yeye bali kitukuu wake wa miaka 12, bibi akipiga gitaa. Ningekuwa na uwezo wa kubakiza rekodi moja tu ya miaka ile, ningebakiza hiyo.

Mapato ya muziki yalipokuja kukua, alinunua nyumba yake mwenyewe mjini Syracuse, jimbo la New York, na kuhamia huko mwaka 1978 pamoja na familia ya binti yake. Alikuwa na miaka 85. Aliendelea kuzunguka na gitaa. Mwaka 1984 serikali kupitia mfuko wake wa sanaa ilimpa nishani ya juu kabisa ya wasanii wa jadi, na Februari 1985 akashinda Grammy kwa santuri ya maonyesho yake ya jukwaani, akiwa na miaka 92. Mpigapicha Brian Lanker alimweka miongoni mwa wanawake 75 weusi walioibadili Marekani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1989, yeye akiwa amekwisha zikwa. Mwaka aliofariki ndio mwaka ambao taasisi ya Smithsonian, hazina kuu ya kumbukumbu za taifa, iliichukua Folkways pamoja na kanda zake zote. Zile nyimbo zilizorekodiwa chumbani mwa mfanyakazi wa ndani zikawa mali ya urithi wa nchi.

Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll ulimwingiza mwaka 2022, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte, kama chimbuko la waliofuata. Ilikuwa miaka 35 baada ya kifo chake, na ilikuwa haki yake siku zote. Orodha ya walioimba nyimbo zake inaanzia kundi la Peter, Paul and Mary na kufika kwa Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi wa North Carolina ambaye leo anawarudishia watu weusi banjo yao.

Kwa anayetaka kumsikia, santuri ya mwaka 1958 bado inauzwa na Smithsonian na inapatikana mtandaoni. Aanze na hiyo, kabla ya waigaji. Na popote atakapokutana na "Freight Train", kwenye filamu, kwenye redio au kwa kijana anayejirekodi chumbani kwake, atazame ni jina la nani limeandikwa kuwa mtunzi. Likikosekana la Elizabeth Cotten, aandike barua, aulize, adai liwekwe.